Sauti Katika Spika ya Kulia

Spika ya kushoto ilikuwa imekufa. Munir Taib alikwisha kulieleza jambo hilo mara mbili kabla Inspekta Kaloki hajapata pa kuketi, na sasa alikuwa akilieleza mara ya tatu, ameuinua waya uliokatika kama mtu anayeonyesha nyoka aliyemuua.

"Panya, Bwana Inspekta. Wameutafuna. Nkasema nitaipeleka kwa fundi Jumamosi, kwa sasa nisikize kwa hii moja ya kulia. Ndipo nlipomsikia."

"Nani?"

"Huyo mwanamume."

Walikuwa ghalani, nyuma ya duka la Munir katika Mtaa wa Biashara, saa nne asubuhi, wamezungukwa na marobota ya leso na vikoi yaliyopandana hadi karibu na dari. Juu ya meza ya kupimia vitambaa palikuwa na mashine mpya ya santuri, yenye vitufe vinavyong'aa na spika mbili zilizoachana hatua tatu. Kaloki aliitazama mashine, kisha akamtazama mwenyewe. Hakuja kusikiliza muziki. Mkubwa wake alikuwa amempa mpaka Ijumaa amkamate mtu huyu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Wiki tatu nyuma, vibarua waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba Waithaka, kando ya timbo la zamani la mawe, walikuta mifupa ya mwanamke. Penye mkono palikuwa na bangili ya fedha. Mama mmoja aliletwa kutoka Mombasa, akaishika ile bangili, akaketi sakafuni. Ndipo faili lililofungwa mwaka 1964 likafunguliwa upya. Mabruka binti Taib, mwimbaji, miaka ishirini na minne. Jumanne tarehe 14 Aprili mwaka huo alikwenda kurekodi wimbo katika studio moja ya ghorofani upande wa River Road, na hakuonekana tena. Polisi wa wakati ule walikwenda chumbani kwake Ngara wakakikuta kitupu. Mwenye nyumba, mama aliyeitwa Ndunge, alieleza kwamba kilikuwa hivyo tangu saa tano asubuhi ya siku hiyo, hata mkeka umeondolewa. Polisi wakaandika kwamba ameondoka kwa hiari yake, pengine na mwanamume, wakafunga faili. Ukoo wake ulikaa na aibu hiyo miaka tisa.

Lakini ndani ya faili hilo mlikuwa na karatasi nyingine. Watu wanne walieleza kwamba wiki moja kabla ya kupotea kwake, nje ya mlango wa msikiti, Munir alimwambia dada yake ni heri amzike kwa mikono yake kuliko kumsikia akiwaimbia wanaume. Munir hakuyakana maneno hayo wakati ule, wala hakuyakana wiki tatu nyuma Kaloki alipomsomea.

"Washa," alisema Kaloki.

Munir aliitoa sahani katika jalada lake. Lilikuwa jalada jipya, la rangi ya samawati, lenye picha ya ukumbi wa hoteli na maandishi makubwa: NYIMBO ZA ZAMANI, SASA KWA STEREO. Aliishika sahani kwa ncha za vidole, akaishusha, akaiweka sindano kwenye wimbo wa nne.

Sauti ya Mabruka ilitoka upande wa kulia peke yake. Ilikuwa nyembamba, kavu, kama inatoka kwenye simu. Fidla ililia juu yake. Ngoma haikuwapo, palikuwa na mikwaruzo tu pale ambapo mkono ulikuwa umegonga ngozi. Kaloki hakuwa mtu wa taarabu, lakini ilimpa taabu kusikiliza. Mwanamke aliyekuwa akiimba alikuwa ndani ya sanduku, katika kabati la chumba cha maiti, na lebo imefungwa kwenye kamba.

Ubeti wa tatu ulipokwisha, mwimbaji akanyamaza na ala zikapiga zenyewe.

"Sasa," alisema Munir kwa sauti ya chini.

Nyuma ya fidla mtu alisema kitu. Alisema taratibu, kama mtu aliyekaribia sikio la mwenzake. Kaloki aliinua mkono. Munir akarudisha sindano. Waliirudia mara tano. Mara ya tano Kaloki alikuwa ameandika maneno yote kwenye daftari lake: *Mabruka, fanya haraka. Vitu yako yote iko kwa gari.*

Alikaa kidogo akiyatazama maandishi yake mwenyewe. Kisha akainuka, akachukua ule waya wa spika ya kushoto, akaukwangua kwa kisu cha mfukoni na kuusokota na mwenzake.

"Rudia."

Safari hii ngoma ilitoka kushoto, nzito, ikajaza ghala zima. Wimbo ukapata mwili. Ubeti wa tatu ukaisha, ala zikapiga, na mwanamume hakusikika. Kaloki alijua aliko, alijua maneno yake moja baada ya jingine, na bado hakumpata. Alibonyeza kitufe kilichoandikwa MONO. Sauti zote zikaja katikati, ngoma juu ya kila kitu. Akakiachia kitufe, akaung'oa waya tena. Yule mwanamume akarudi.

"Umempigia nani mwingine sahani hii?"

"Hakuna. Mamangu hajui kama nnayo. Nliinunua siku ile mlipomwonyesha bangili." Munir alipitisha kiganja juu ya kitambaa kilichokuwa mezani, akikinyoosha ingawa hakikuwa na mikunjo. "Miaka tisa sikumsikiza. Redio ikimpiga, nafunga redio. Sasa namsikiza, natokewa na huyu. Waniamini, Bwana Inspekta?"

Kaloki alichungulia nje. Nje ya mlango wa nyuma palikuwa na pikapu ya duka, na turubai limefunikwa juu yake.

"Asubuhi nilipofika walikuwa wanabeba marobota. Sasa siyaoni. Yako wapi?"

"Yale ya Nakuru? Yamo garini."

"Yote?"

"Yote yamo garini, yangoja dereva." Munir alishangaa. "Kwani yana nini?"

"Hayana kitu."

Kaloki alifunga daftari. Mtu wa pwani, hata akiwa na hasira, hata akinong'ona, hasemi vitu yako iko kwa gari. Wanaosema hivyo ni watu wa bara, na bara ina watu wengi. Kaloki mwenyewe, mtoto wa Machakos, alisema hivyo kila siku. Hakuwa bado na mtu. Lakini mtu ambaye alitakiwa amkamate Ijumaa alikuwa ameanza kumponyoka mikononi, na badala yake palikuwa na jambo jingine lililomfanya asijisikie vizuri. Kurekodi kulianza saa tatu asubuhi, na faili lilisema kuliisha saa nane. Chumba cha Ngara kilikuwa kitupu saa tano. Mabruka alipokuwa amesimama akiimba, kuna mtu aliyekuwa akibeba nguo zake.

*

Fundi Odhiambo alikuwa na kibanda Kenyatta Market, kati ya saluni ya kusuka nywele na jiko la nyama. Moshi wa mafuta ulipita juu ya redio zilizofunguliwa matumbo. Yeye ndiye aliyerekodi wimbo ule mwaka 1964, kijana wa miaka ishirini na minane wakati huo. Sasa alikuwa na mvi kwenye masikio na miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba.

Kaloki aliweka sahani juu ya meza. Sajini Kanyiva, mtu mnene asiye na maneno mengi, alisimama mlangoni akizuia mwanga.

"Hii ni kazi yako?"

Odhiambo aliinua jalada, akalisoma, akacheka kwa pua. "Wimbo ni kazi yangu. Hii stereo si yangu. Hii si stereo ya ukweli, afande."

"Kivipi?"

"Mwaka huo tulikuwa na maikrofoni moja na utepe wa njia moja. Kila mtu anaimba humo humo, inatoka sauti moja. Mono. Sasa watu wananunua mashine ya spika mbili, hawataki mono, wanaona ni kitu ya kizamani. Basi kampuni inatuma tepu ng'ambo. Kule wanaichuja. Sauti nzito wanapeleka kushoto, sauti nyembamba wanapeleka kulia, wanaongeza mwangwi kidogo, wanaandika stereo. Ni uongo wa masikio."

"Wanaweza kuongeza mtu?"

"Mtu gani?"

"Mtu anayezungumza."

Odhiambo aliacha kucheka. "Hawawezi kuongeza kitu. Wanagawanya tu ile iko."

Kaloki aliielekeza kidole mashine ya stereo iliyokuwa kwenye rafu. Fundi akaiwasha, na Kaloki akamwambia azungushe kitufe cha balansi, kile cha kuhamisha sauti, mpaka mwisho, upande wa kulia. Waliusikiliza ubeti wa tatu. Nyuma ya ukuta wasusi walikuwa wakicheka jambo fulani. Yule mwanamume alisema maneno yake. Odhiambo aliondoa mkono kwenye mashine kana kwamba imemrusha.

"Tena," alisema Kaloki.

"Nimesikia."

"Tena."

Baada ya mara ya tatu Odhiambo aliinama chini ya meza, akavuta kasha la kadibodi, akapekua mpaka akapata santuri ndogo yenye karatasi iliyochakaa. Ilikuwa ile ya kwanza, ya mwaka 1964. Aliiweka kwenye mashine ya zamani yenye spika moja, akalaza sikio lake karibu kabisa na kitambaa cha spika. Kaloki akafanya hivyo upande wa pili. Vichwa vyao vilikaribia kugusana. Ngoma ilipiga. Chini yake, mahali palepale, palikuwa na kitu kama pumzi, kama mchanga unaomwagika. Asiyejua asingekitambua maisha yake yote.

"Alikuwemo tangu siku hiyo," alisema Odhiambo. "Ngoma ilikuwa imemkalia."

"Mwaka 1964 uliwaambia polisi chumbani mlikuwa wanne tu. Wewe, mwimbaji, mpiga ngoma na mpiga fidla."

"Nilisema ile nilikuwa najua. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda cha vioo, na hedifoni kwa masikio. Wapigaji nilikuwa nimewawekea pazia ya magunia, ndiyo ngoma isimeze sauti yake. Hawamwoni, hawaoni kitu."

"Wako wapi sasa?"

"Wa ngoma alikufa. Wa fidla alienda Uarabuni."

"Basi huyu aliingilia wapi?"

Odhiambo alivua miwani akaifuta kwa shati. Aliifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Fundi. Nina mtu mmoja ambaye kesho kutwa atapelekwa kortini kwa kosa la kunyongewa. Hii si sauti yake. Sikuja hapa kunywa chai."

"Kulikuwa na mlango nyuma ya mwimbaji," alisema Odhiambo hatimaye. "Inatokea kwa ngazi ya uani. Taa nyekundu ilikuwa kwa mlango ya mbele peke yake. Mtu akipitia nyuma hawezi kujua tepu inazunguka. Tulikuwa tumemaliza mara mbili, mimi nikasema tujaribu ya tatu. Angedhani tunafanya mazoezi."

"Ufunguo wa mlango huo ulikuwa na nani?"

"Mmoja nilikuwa nimeuvaa shingoni."

"Na mwingine?"

Msichana wa saluni alipita na beseni la maji, akayamwaga mtaroni. Odhiambo alingoja aondoke.

"Mwenyewe. Bwana Odero."

Tobias Odero ndiye aliyekuwa na studio ile. Sasa alikuwa na kampuni ya santuri, ofisi mjini na nyumba Kitisuru. Kaloki aliyakumbuka maelezo yake katika faili, mistari minane iliyopigwa taipu vizuri: alipanda treni ya Kisumu Jumatatu jioni kwenda kumzika mjomba, akarudi Alhamisi.

"Ni sauti yake?"

"Afande, sauti iliyochujwa namna hii ni kama ya simu. Siwezi kuapa."

"Sikukuuliza kama unaweza kuapa."

"Siku hiyo Mabruka alituambia huo ni wimbo wa mwisho," alisema Odhiambo, kama hakusikia. "Alikuwa na furaha. Tulipomaliza nilishughulika na tepu, nikiinua kichwa hayuko. Nilidhani ameenda chini. Nilimngoja na chai yake mpaka ikapoa." Akarudisha miwani machoni. "Hiyo siwezi kuapa pia. Lakini ni kweli."

*

Asubuhi ya Alhamisi anga lilikuwa zito juu ya Kitisuru. Njia ilipita kati ya ua mrefu wa michongoma na miti iliyokutana juu, na majani yalikuwa yakidondosha maji ya mvua ya jana. Geti la Odero lilifunguliwa na mlinzi. Kanyiva alibaki kwenye ngazi za mbele.

Odero alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa na adabu nyingi. Alimpokea Kaloki kwa mikono miwili, akamwuliza habari za kazi, akasikitika kwa ajili ya marehemu. Aliposikia kwamba Inspekta alitaka kumwuliza juu ya sahani mpya, uso wake ulichangamka.

"Umeisikia kwa mashine gani? Sahani hizi zinataka mashine nzuri. Njoo."

Sebule yake ilikuwa na madirisha marefu yaliyoangalia bonde. Mashine ilichukua ukuta mzima: amplifaya yenye taa ndogo za kijani, sahani nzito ya chuma iliyozunguka bila sauti, na spika mbili ndefu kama watoto wa shule. Odero aliyaeleza yote, akigusa kila kifaa kwa kidole. Mke wake, Phoebe Nanjala, aliingia na sinia la chai. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyevaa gauni la nyumbani. Alimsalimia mgeni, akaanza kumimina.

"Mama, tafadhali keti nasi," alisema Kaloki. "Ni muziki tu."

Phoebe alimtazama mumewe. Odero akatikisa kichwa kukubali. Akaketi kwenye ukingo wa kiti.

"Kabla hatujaanza, Bwana Odero, unisaidie kwa jambo dogo la faili. Siku ile ya kurekodi ulikuwa Kisumu?"

"Kisumu. Kwa mazishi."

"Ulipanda treni Jumatatu jioni?"

"Niliandika yote hayo. Hayajabadilika."

"Na mlango wa nyuma wa studio, ufunguo wako uliuacha kwa nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza Odero kukawia kujibu. "Sikumbuki kama ulikuwa na ufunguo. Wimbo gani unautaka?"

"Wa nne."

Odero alishusha sindano mwenyewe. Ngoma iliingia kushoto, fidla ikaingia kulia, na Mabruka akaimba katikati yao, mkubwa, karibu, kana kwamba amesimama juu ya zulia. Odero alifumba macho nusu. Kaloki alinywa chai. Alingoja ubeti wa kwanza, akangoja wa pili. Wa tatu ulipoanza aliinuka, akaenda kwenye amplifaya kama mtu anayetaka kuitazama kwa karibu, akakishika kitufe cha balansi na kukizungusha mpaka mwisho.

Ngoma ikazimika. Nyumba nzima ilionekana kupungua uzito.

"Unaharibu," alisema Odero. "Hiyo haisikilizwi hivyo."

"Nisamehe. Kidogo tu."

Ubeti ukaisha. Fidla ikabaki peke yake. Na kutoka spika ya kulia, wazi kuliko kule Mtaa wa Biashara, wazi kuliko Kenyatta Market, kwa sababu mashine hii ilikuwa bora kuliko zote, mwanamume alisema: *Mabruka, fanya haraka. Vitu yako yote iko kwa gari.*

Kikombe cha Phoebe kiligonga kisahani.

Kaloki hakuwa akimtazama Odero. Alikuwa akimtazama yeye. Tangu alipotoka kwa Odhiambo alikuwa akilifikiria neno moja la fundi yule: simu. Sauti iliyochujwa ni kama ya simu. Fundi alilisema kama kasoro. Lakini ni nani anayeijua sauti ya mtu kwenye simu kuliko mke wake, anayeipokea kila siku akiambiwa mumewe atachelewa?

Alirudisha sindano. Ikasema tena.

"Baba Peres," alisema Phoebe. "Hiyo ni wewe."

"Ni mtu yeyote," alisema Odero. Hakuinuka. "Ni mpiga ngoma. Studio ilikuwa na watu."

"Ni wewe. Hivyo ndivyo unavyosema *fanya haraka*. Unaniambia kila Jumapili tukienda kanisani."

"Mama Peres, nenda jikoni."

Hakwenda. Aliweka kikombe chini, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti. "Tarehe ngapi hiyo, Inspekta?"

"Kumi na nne Aprili, mwaka 1964."

"Peres alikuwa na siku nane," alisema Phoebe, na ilionekana kwamba alikuwa akizungumza na nafsi yake. "Tulikuwa tunakaa Waithaka, nyumba ya kupanga. Aliniambia amekwenda Kisumu. Alhamisi alirudi na sanduku la nguo. Leso, shuka za hariri, baibui moja jipya halijavaliwa. Akasema watu wa Kisumu wametuletea zawadi ya mtoto. Nikafurahi. Lakini zilikuwa zinanukia udi. Nikamwuliza, kwa nini nguo za Kisumu zinanukia udi? Akasema duka ni la Mswahili."

"Nyamaza," alisema Odero.

"Nilizifua mara tatu harufu haikutoka. Ile leso ya zambarau ndiyo niliyombebea Peres mpaka akaweza kutembea." Sauti yake haikupanda. "Nimevaa nguo za marehemu, Inspekta. Mtoto wangu amelala ndani yake."

Odero aliinuka sasa, na kwa mwili ule sebule ikawa ndogo. Kaloki aliita jina moja tu, na Kanyiva akawa tayari yuko mlangoni. Odero aliwatazama wote wawili, kisha akaitazama mashine iliyoendelea kuimba upande mmoja. Akatembea polepole hadi pale ilipo. Kaloki alidhani ataivunja. Hakuivunja. Aliinua sindano kwa uangalifu, akairudisha mahali pake, kama alivyofanya kila jioni.

"Mimi ndiye niliyemfanya aitwe mwimbaji," alisema akiwa amewapa mgongo. "Hakuna mtu aliyemjua. Akaja kuniambia huo ni wimbo wa mwisho, anarudi kwao Mombasa na treni ya jioni. Kaka yake amekasirika, anakwenda kumwomba radhi mama. Hivyo tu. Nikamwambia sawa, nipe ufunguo wa chumba, nitakuchukulia mizigo, nitakupeleka stesheni mwenyewe. Akanishukuru."

"Waithaka si njia ya stesheni," alisema Kaloki.

"Nilitaka tuzungumze tu. Nilitaka aniahidi sahani moja zaidi. Alipoona tumepita mjini akaanza kupiga kelele, akashika mlango." Aliitazama mikono yake. "Ile sauti, Inspekta. Ilikuwa ndani ya gari. Nilitaka inyamaze kidogo."

Kanyiva alitoa pingu. Odero akauliza kama angeweza kuvaa koti kwa sababu mvua inakuja. Koti lilikuwa limetundikwa karibu na Phoebe, umbali wa mkono, na Phoebe hakulisogeza. Kanyiva alilichukua mwenyewe.

Kanyiva alipokwisha kumtoa Odero, Phoebe alipanda juu. Kaloki alimsikia akifungua kabati, akivuta kitu kizito sakafuni. Alishuka na sanduku la bati, akaliweka juu ya zulia, akalifungua kamba. Alizitoa nguo moja moja na kuzipanga kwenye kiti, za hariri peke yake, leso peke yake. Kaloki aliziandika zote: rangi, idadi, mahali pa kila tundu. Alipomaliza alimpa kalamu, naye akatia sahihi bila kusoma.

Simu ilikuwa kwenye meza ndogo ya barazani. Kaloki aliomba kuitumia. Duka la Mtaa wa Biashara lilipokea mara moja, kana kwamba mtu alikuwa amekaa kando yake.

"Munir," alisema. "Tumempata. Si wewe utakayechukuliwa kesho."

Kelele za mji zilisikika upande wa pili. Kaloki akaendelea:

"Mwambie mama hakutoroka. Hakuwa na mwanamume."

"Basi alikuwa aenda wapi na mizigo yake?" Munir aliuliza. "Chumba kilikuwa kitupu. Alikuwa aenda wapi?"

Kaloki alikuwa amezoea kutoa habari mbaya. Alikuwa na namna yake ya kuzitoa, haraka na bila mapambo. Hii hakujua ni habari ya aina gani. Kupitia mlango alimwona Phoebe amepiga magoti, akiikunja leso ya zambarau kwa makini, pembe kwa pembe.

"Kwenu," alisema. "Alikuwa apande treni ya jioni. Alikuwa anakuja kwenu kuomba radhi."

Alingoja. Mvua ilianza kupiga madirisha ya Kitisuru. Kisha akasikia mkono wa simu ukiwekwa juu ya meza kule dukani, pole sana, bila kukatwa, na nyayo za mtu zikiondoka, na mlango mzito wa duka ukifungwa mchana kweupe.